Jicho la Kushoto la Thora

Kwa majuma matatu hakuna mtu kisiwani Hamnay aliyekuta chumvi kwenye kopo la sukari. Saa ya kanisani ilisema kweli. Sanamu ya Gideon Harcus ya kutishia ndege ilikaa shambani pale ilipowekwa, imevaa suruali yake yenyewe, wala haikuonekana imeketi kwenye benchi la gatini ikisoma gazeti. Mchungaji alipanda mimbarani Jumapili tatu mfululizo bila kupapasa kwanza chini ya Biblia. Tulikuwa watu sitini na wawili kisiwani, na sitini na mmoja kati yetu tulianza kukosa raha.

"Thora kanyamaza," tuliambiana dukani, kama watu wanaosema bahari imenyamaza.

Thora Scollay alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Kazi yake ilikuwa kujenga ukuta wa mawe unaozunguka kisiwa chetu chote na kuwazuia kondoo wasitoke ufukweni kuingia mashambani. Kila kipupwe mawimbi yanaubomoa, kila kiangazi Thora anaujenga, jiwe juu ya jiwe, bila saruji. Mikono yake ilikuwa mikubwa na uso wake mdogo, na alipokuwa amekufanyia kitu, uso ule ulizidi kuwa mdogo, ukawa na utulivu wa mtoto wa kwaya. Ndivyo tulivyojua. Aliishi na shangazi yake, Merran, ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuwa ametembea.

Merran alikuwa na ule ugonjwa. Madaktari wanauita MS. Sisi tunauita ule ugonjwa, na hakuna anayeuliza upi. Kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe na kuguguna ala za neva za ubongo na uti wa mgongo, halafu miguu, au mikono, au kibofu, kinaacha kutii. Huku kwetu, visiwa vya Orkney kaskazini mwa Uskoti, uko mwingi kuliko karibu popote duniani, na hakuna aliyetueleza sababu tukaridhika. Kila familia ina mtu wake. Na kila familia ina namna yake ya kuongea na mtu huyo: sauti inashuka, kichwa kinainama kidogo, maneno yanakuwa laini kama uji wa mgonjwa. Merran aliichukia sauti ile kuliko kiti cha magurudumu. Mtu mmoja tu hakuwahi kumwongelesha hivyo. Siku moja mtu huyo alifunga honi ya trekta nyuma ya kiti cha Merran na kumwacha aende nayo kanisani bila kujua.

"Nilikaa wima karibu mahubiri yote," Merran alisimulia. "Nilipokuja kuegemea, mchungaji alikuwa kafika kwenye tarumbeta ya siku ya mwisho."

Mambo yalianza mwezi wa saba, siku ya zizi.

Kondoo wetu wanakaa pamoja ufukweni, nje ya ukuta, wanakula mwani. Ni wa kila mtu na kila mtu anawajua wake. Mara moja kila kiangazi tunawasukuma wote hadi kwenye zizi la mawe ili wakatwe manyoya, na kila nyumba inachagua wake kwa mkato wa sikio na doa la rangi matakoni. Mkato ndio sheria, rangi ni ya haraka tu. Doa la Gideon ni jekundu. La nyumba ya Scollay ni rangi ya kutu, rangi ya mlango wa banda la kale.

Siku ile Thora aliamka jicho la kushoto likimuuma, hasa alipolizungusha kutazama pembeni, kama kuna uzi nyuma yake unaovutwa. Hakusema. Saa tatu asubuhi kondoo dume mmoja alijirusha na kumpiga tope la mwani kwenye jicho la kulia, lile zima. Likawaka moto. Akalifunga kwa leso, akatukana kidogo, akaendelea na kazi kwa jicho la kushoto peke yake.

Hapo ndipo alipokosea kosa ambalo kisiwani kwetu hata mtoto wa miaka sita hakosei. Aliingia kwenye kundi, akakamata pembe, akaburuta, akarudi, akakamata tena. Alipomaliza alikuwa ameingiza kwenye kizuizi chake kondoo kumi na mmoja wa Gideon Harcus, wote wana doa jekundu kama bendera.

Watu waliona. Watu walianza kucheka kabla hajafika wa nne, wakaziba midomo ili asiache.

Gideon hakucheka. Alikuwa na miaka sitini na nne, mzee wa kanisa, hajaoa, na kati yetu wote ndiye aliyeteseka zaidi mikononi mwa Thora kwa sababu mashamba yao yanapakana. Alikuja hadi kwenye kizuizi, akavua kofia.

"Binti Scollay," alisema, "suruali ya sanamu yangu nilivumilia. Bata ndani ya bafu langu nilivumilia. Lakini kondoo ni kondoo."

Thora alimtazama, akawatazama kondoo. Nilikuwa nimesimama karibu. Nilimwona akiinua leso kidogo kwenye jicho la kulia, sekunde moja, halafu akaishusha. Uso wake ukawa mdogo.

"Nilitaka kuona utagundua ukifika wa ngapi, Mzee Gideon," alisema. "Umechelewa. Uzee huo."

Zizi zima likaangua kicheko. Akawatoa mmoja mmoja akiwapigia saluti. Ndivyo alivyotudanganya wote, kwa kutumia sifa yake mwenyewe.

Wote isipokuwa Merran. Jioni ile, mezani, Merran alisukuma chupa ya jamu mbele ya mpwa wake.

"Funga jicho la kulia."

"Shangazi, nina njaa."

"Funga. Hii jamu rangi gani?"

"Rangi ya jamu."

"Thora."

Thora alifunga jicho. Merran alisema baadaye kwamba hakuwahi kumwona akikaa kimya muda mrefu namna ile bila kuwa amejificha nyuma ya mlango.

"Kama chai iliyotiwa maji," Thora alisema mwishowe. "Na katikati kuna kitu kama moshi. Ninakuona masikio, shangazi. Pua huna."

"Kwangu ilikuwa sketi," Merran alisema. "Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilidhani mama kaifulia vibaya, nikagombana naye wiki nzima."

Nyekundu haiondoki kwa kishindo. Inaondoka kama mgeni mpole aliyegundua kuwa hamsikilizani naye: anasogea karibu na mlango, anashika kofia yake, na unapogeuka kumtazama kiti kiko wazi na bado kina joto.

Daktari wa macho kule Kirkwall, mji mkuu wa visiwa vyetu, alithibitisha: neva ya jicho la kushoto imevimba. Lakini aliyemweleza Thora kwa lugha ya kueleweka ni Freda, nesi wa kisiwa, mwanamke mfupi asiyependa kuzungusha maneno. Alichomoa waya wa birika la chai ukutani, akamshikisha.

"Hii plastiki ya nje, ndiyo ala. Ndani ni waya. Yako imebabuka hapo nyuma ya jicho, ndiyo maana picha inafika imechoka."

"Kwa hiyo mimi ni birika."

"Wewe ni birika lenye kelele. Sikiliza. Jicho lenyewe litarudi, karibu lote, kwa majuma kadhaa. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba mara nyingi jicho namna hii ni hodi ya ule ugonjwa. Kati ya watu mia wenye kitu kama chako, kama hamsini watapata ule ugonjwa ndani ya miaka kumi na mitano. Hamsini hawatapata. Picha ya ubongo ndiyo inayopambanua. Ikitoka safi, hatari inashuka hadi robo. Ikitoka na madoa, inapanda karibu robo tatu, na hapo tunaanza dawa mapema, kabla haujagusa miguu. Siku za Merran dawa hizo hazikuwepo. Leo zipo. Mashine iko bara, Aberdeen. Nimekuandikia."

Thora alirudisha waya ukutani kwa adabu. Barua ya miadi ilipokuja aliikunja mara nne, akazibia ufa wa dirisha la jikoni unaopitisha upepo. Siku ya miadi alikuwa ukutani, upande wa kaskazini, akipanga mawe. Wakati huo jicho lilikuwa limeshapona. Jamu ilikuwa nyekundu tena, au karibu. Alipooga maji ya moto ukungu ulirudi kidogo, basi akaacha kuoga maji ya moto.

"Hodi imebishwa, hatukufungua, mgeni kaondoka," alimwambia shangazi yake. "Kwisha."

Na hapo ndipo vituko vilipokoma. Nimesema tulikosa raha. Hata Gideon alikosa. Asubuhi moja alitoka akaikuta sanamu yake imetulia, akaizunguka mara mbili akitafuta ilikofichwa hila. Hakuona kitu. Akavaa koti la kanisani siku ya Alhamisi, akaenda kwa Merran wakati Thora yuko kazini. Yaliyosemwa pale Merran ametusimulia mara nyingi, kila mara akiigiza sauti ya Gideon.

"Nimemkosea nini?" Gideon aliuliza. "Nilimsema pale zizini, ni kweli. Lakini nilimsema hata siku ya bata, na hakununa."

Merran alimwambia kila kitu: leso, jamu, barua iliyo dirishani. Gideon alikaa chini.

"Kondoo wangu hakuwaona," alisema.

"Hakuwaona."

"Na akanitania uzee."

"Ndiyo."

"Basi nitaongea naye. Nitamwomba kwa upole."

"Thubutu!" Merran aligonga mkono wa kiti. "Upole ndio anaoukimbia! Unadhani anaogopa kiti hiki? Amekifungia honi, hakiogopi. Anaogopa sauti yenu. Anaogopa siku atakayoingia dukani, mumpishe kwenye foleni mkiinamisha vichwa. Miaka yote mmekuwa mkinitilia maziwa kwenye chai kana kwamba nimekufa mikono. Amekuwa akiona." Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Barua nyingine imekuja. Miadi ni Jumatano ijayo. Gideon, umewahi kumlipiza?"

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Nimekuuliza kitu kingine."

Huku kwetu, mtu akikaribia kuoa au kuolewa, marafiki humvizia mchana kweupe. Humpaka molasi, ile sukari nyeusi ya kulishia ng'ombe, kuanzia nywele hadi viatu, humwagia unga na manyoya ya kuku, humfunga nyuma ya trekta na kumzungusha kisiwa kizima huku wakipiga masufuria. Hakuna anayeachwa, mchungaji mwenyewe alipakwa. Kwa miaka kumi na mitano fundi mkuu wa shughuli hiyo alikuwa Thora. Yeye hakuwahi kupakwa, kwa sababu hakuwahi kuchumbiwa, na hatuna desturi ya kumpaka mtu bila harusi.

Gideon, mtu wa kanuni, alikwama hapohapo.

"Anaolewa na nani sasa?"

"Na mashine," Merran alisema.

Jumanne, saa mbili asubuhi, tulikuwa ishirini na wanne nyuma ya ukuta wa kaskazini. Gideon alikuwa amejitanda blanketi la farasi. Thora alikuja akipiga mluzi, akaweka nyundo chini, akainama kuchagua jiwe la kwanza, nasi tukamwangukia.

Alipigana kama kondoo dume. Mimi nilipata kiwiko cha sikio. Lakini ishirini na wanne ni wengi, na molasi inateleza.

"Mmechanganyikiwa? Siolewi! Siolewi, wajinga nyie!"

"Unaolewa, bibi harusi, nyamaza," Gideon alisema, akimimina ndoo ya pili polepole kuanzia utosini, kwa uangalifu wa mtu anayebariki. "Hii ni ya suruali. Hii ni ya bata. Funga mdomo, isije ikaingia. Na hii, binti Scollay, ni ya kondoo kumi na mmoja."

"Molasi yenyewe imechacha!"

"Niliitunza tangu mwaka juzi. Nilijua itafaa."

Tukamfunga nyuma ya trekta na kibao shingoni: NAOLEWA ABERDEEN. Alipokisoma aliacha kupiga kelele. Tulimzungusha, tukapiga masufuria mbele ya shule, mbele ya duka, mbele ya kanisa ambako mchungaji alitoka na kutupa unga kwa mikono miwili na furaha ambayo sidhani aliikiri baadaye. Nyumbani kwake Merran alikuwa mlangoni na sufuria mapajani, akipiga mwiko hadi mwiko ukavunjika. Thora alimtazama shangazi yake tulipopita.

Gatini Gideon alizima trekta. Mashua ilikuwa imefunga gati, nahodha ameegemea reli akijifanya anaangalia hali ya hewa. Freda alikuwa amesimama na begi: taulo, sabuni, nguo safi, na barua zote mbili za miadi, ile ya kwanza bado na mikunjo yake minne, kama Merran alivyoamua. Nesi alisema kwamba yeye hajui lolote, amekuja tu kuangalia mashua.

Gideon akakata kamba.

"Uko huru," alisema. "Mashua inaondoka baada ya dakika kumi. Ukitaka nyumbani, trekta ndiyo hii, nitakupeleka, na hatutasema neno tena. Mimi nimemaliza."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kukwaruza. Hakuinamisha kichwa. Nadhani ilimgharimu.

Thora alishuka. Molasi ilimdondoka kwenye vidole. Manyoya ya kuku yalikuwa yanatikisika masikioni kwa upepo. Alitutazama mmoja mmoja, na ilikuwa vigumu kujua uso ule uko mdogo au mkubwa chini ya unga. Tulishika masufuria yetu. Nahodha aliacha kuangalia hali ya hewa.

"Nani amemwaga manyoya kabla ya unga?" aliuliza mwishowe.

Mmoja wetu alificha mfuko wa manyoya nyuma ya mgongo.

"Unga kwanza. Manyoya baadaye, ndiyo yanashika. Miaka kumi na mitano nawafundisha." Akampokonya Freda begi. "Na wewe, Mzee Gideon, nikirudi na madoa huko kichwani, ukinipisha kwenye foleni ya duka hata hatua moja, nitakuchoma hilo koti la kanisani ukiwa ndani yake."

"Sijawahi kumpisha mtu kwenye foleni," Gideon alisema. "Muulize yeyote."

"Ni kweli," sauti ikasema nyuma, "hata wajawazito."

Akapanda. Abiria wengine wanne walihamia upande wa pili wa mashua. Aliketi peke yake nyuma, mweusi na mweupe, na alivyokuwa akienda alionekana kama ndege mkubwa ambaye hakuna kitabu kilichomtaja. Hakupunga mkono.

Aliogea kwa binamu yake Kirkwall, mara tatu. Hata hivyo mhudumu wa mashine kule Aberdeen alipomlaza alitoa kitu nyuma ya sikio lake, akakishika kwenye mwanga.

"Una chuma chochote mwilini?" alimuuliza, kama wanavyouliza kila mtu.

"Chuma sina. Manyoya tu."

Alikaa ndani ya lile bomba nusu saa, likigonga na kulia. Alituambia ni kama kuzungushwa kisiwa na masufuria, ila hakuna anayecheka, na kwamba kwa dakika chache za mwanzo alilia, halafu akakumbuka uso wa mchungaji akiwa na unga, na mhudumu akamwambia kwa kipaza sauti aache kutikisika.

Madoa yalikuwa manne. Moja karibu na uti wa mgongo. Walimtoa maji ya mgongo, wakapima, wakampa ule ugonjwa jina lake na wakampa dawa siku za mwanzo kabisa, jambo ambalo daktari alisema ni bahati, na Thora akamjibu kwamba bahati ilikuwa na harufu mbaya.

Aliporudi aliingia jikoni bila kuvua koti. Merran alikuwa anapaka mkate wa shayiri siagi, polepole, kwa mkono wake mmoja mzuri.

"Mangapi?"

"Manne."

Merran aliendelea kupaka hadi pembeni.

"Mimi yangu hakuna aliyeyahesabu," alisema. "Kaa ule. Na usinitazame hivyo, nitakutupia kisu."

Thora akakaa. Alichukua kipande kutoka kwenye sahani ya shangazi yake, kilichokuwa tayari kimepakwa, akakila. Merran akapaka kingine. Hicho nacho akakichukua. Cha tatu Merran alikipaka, akakilamba juu kwanza, akakiweka katikati ya meza, wakatazamana.

Hayo yalikuwa miaka minane iliyopita. Ule ugonjwa umemrudia Thora mara mbili, mara moja kwenye mguu wa kushoto, mara moja kwenye vidole, na mara zote mbili umelegeza. Anajenga ukuta asubuhi tu, kabla ya joto na uchovu, na mawe makubwa yanainuliwa na mtu mwingine. Kila miezi sita anakwenda kutundikiwa dripu ya dawa. Leo ndiyo siku yake: yuko hospitali ya Kirkwall, kwenye kiti cha karibu na dirisha, na atarudi kwa mashua ya Ijumaa.